Sikio na Sindano

Nianze kwa kusema wazi ili tusichoshane: shemeji yangu hakula rushwa. Mtu yeyote anayekaa kwenye kiti changu cha saluni akaanza kunong'ona kwamba mzee wa mashine alihongwa, ndiyo maana kichaka cha bondeni kikafyekwa, namwambia anyamaze au aondoke na nywele zake nusu. Nimeshafanya hivyo. Mama mmoja alitoka hapa upande mmoja umesukwa na upande mwingine umesimama, na sijutii. Mimi ni msusi na mdomo wangu hauna breki, najua, lakini kwenye hili sibahatishi. Mke wa huyo mzee ni dada yangu wa tumbo moja.

Shemeji ni fundi wa mashine ya kusaga nafaka. Aliingia pale kijana, akibeba magunia, akapanda mpaka akawa ndiye anayeachiwa funguo. Chumba chenyewe ni cha matofali na bati, mlango mmoja mpana. Mota iko kona ya kulia, mkanda wake unapita usawa wa magoti, na kinu kinanguruma kiasi kwamba ukitaka unga laini unasugua vidole, ukitaka kukobolewa tu unaonyesha kiganja. Hakuna anayemsikia mwenzake mle ndani. Jioni anatoka mweupe mpaka kope. Dada yangu aliapa wiki ile ile ya ndoa kwamba halali na mtu aliyepakwa chokaa, kwa hiyo shemeji huoga uani kabla hajavuka kizingiti, mvua inyeshe isinyeshe. Ni mpole, ni mbishi kwa mambo madogo, na hajui kusema uongo hata ule wa adabu. Ukimpikia chakula kikazidi chumvi atakwambia kimezidi chumvi, halafu anakimaliza chote.

Mambo ya ndege yalianzia pale pale mlangoni. Punje zinazomwagika zinavuta ndege, na yeye saa ya kupumzika huzima mashine, anageuza debe, anakaa. Wengine wanaona kundi la ndege tu. Yeye akaanza kuona kwamba huyu ana duara jekundu jichoni na yule hana, huyu anaruka na yule anatembea. Akawa anamsumbua dada kwa maswali ambayo dada hakuwa na majibu yake wala hamu nayo. Mwisho akanunua simu yenye kamera, akaingia kwenye kundi la watu wanaoangalia ndege.

Kundi lenyewe ni la kwenye simu. Mtu akiona ndege asiyemjua anapiga picha au anarekodi sauti, anaituma, anauliza, "Huyu nani?" Wenzake wanajibu, wanabishana, wanakubaliana. Mimi shemeji aliniingiza kwa nguvu baada ya kumtambia kwamba juu ya saluni yangu kuna tai amekaa kwenye nyaya za umeme tangu asubuhi. Nikatuma picha. Walikuza, wakaikagua, wakaniambia kwa heshima zote kwamba tai wangu ni mfuko wa plastiki. Nilichekwa mpaka nikazima simu. Lakini sikutoka, na nashukuru sikutoka, kwa sababu ndimo nilimowajua watu wanaohusika hapa: Kinyozi, ambaye ana kamera kubwa yenye lenzi kama chupa na hajali ndege yeyote asiyeweza kupigwa picha, Nesi, mwanamke mtulivu wa zamu za hospitali, na Mwalimu, mstaafu, mkubwa kwa shemeji kwa miaka mingi, rafiki yake wa kwenda naye bondeni.

Kundi lina sheria yake. Ukisema umemwona ndege, leta picha. Huna picha, leta sauti. Huna vyote viwili, basi lazima awepo mwenzako wa pili anayekubaliana nawe. Bila hivyo unaambiwa "tai wa saluni", na hilo jina lilitoka kwangu, asante sana.

Sasa Sindano. Siku moja umeme ulikatika asubuhi nzima, kinu kikanyamaza, shemeji akakaa kwenye debe lake bila kazi. Nyuma ya mashine ardhi inateremka mpaka bondeni, na bondeni kulikuwa na kichaka: matete, miti mifupi ya miiba, na kijito cha kuvuka kwa hatua moja. Kutoka huko akasikia sauti nyembamba, tsii, tsii-tsii, kama uzi unaovutwa kwenye kitambaa kikavu. Mtu mwingine angesema nyenje. Yeye akasema nyenje hapumziki namna hiyo. Akateremka. Alihangaika na hiyo sauti kwa miezi, anarudi nyumbani na tope juu ya unga, dada anamfungia mlango. Alimwona mara moja tu, kadege kadogo rangi ya vumbi, kakaruka kutoka tete moja hadi jingine, basi. Ila alirekodi sauti.

Rekodi ile ilizunguka. Mtu wa kundi akaipeleka kwa watu wanaosomea ndege, na jibu likaja kwamba ndege huyo alishaaminika kuwa ametoweka sehemu zetu, hakuna aliyekuwa amemsikia kwa muda mrefu. Ana jina refu la kitabuni ambalo sijawahi kulitamka likaisha. Shemeji alimwita Sindano kwa sababu ya sauti yake, na kundi zima likafuata. Naye wakamwita Sikio.

Jamani, mtu aliyekuwa anaitwa "wewe wa mashine" maisha yake yote, ghafla watu asiowajua wanamtumia sauti kutoka mbali wanamwuliza, Sikio, huyu nani? Nilimwona akitembea tofauti. Alinyoosha mgongo. Alianza kula mezani huku simu iko mbele yake kama mkuu wa idara. Dada alilalamika, lakini nilimkamata akiwaeleza majirani kwamba mume wake ni mtaalamu.

Na kwa kuwa Sindano hakuwa ndege wa kupigwa picha, ikawa kama sheria nyingine isiyoandikwa: Sindano anahesabika akisikiwa na Sikio. Wengi hata hawakujishughulisha kujifunza ile sauti. Nesi peke yake alijifunza. Shemeji alimsimamisha ukingoni mwa matete, kidole juu, kila sauti ikitoka anashusha kidole, mpaka Nesi akawa anaweza kuitofautisha na nyenje. Halafu Nesi akahamishiwa hospitali ya mji mwingine, na huku tukabaki na sikio moja.

Miaka ikaenda. Shemeji akaanza kutuma taarifa za huzuni kwenye kundi. Kwanza akasema ndege chozi, wale wadogo wa kwenye maua, wamepungua. Baadaye akasema wale wa rangi ya majani wanaolia juu juu kwenye miti hawasikiki tena. Kisha akasema hata Sindano analia mara chache, na kwa mbali. Alilaumu dawa za mashambani, akalaumu moshi, akalaumu paka. Watu wakasikitika naye. Waliobaki kwenye taarifa zake ni kunguru, tetere na dudumizi, wenye sauti nzito.

Mtu ataniuliza, nyinyi wa nyumbani hamkuona kitu? Tungeona nini? Ukibisha hodi alisikia. Mota ikibadilisha mlio kidogo alisikia, akaizima kabla mkanda haujakatika. Wanaume aliongea nao bila shida. Ila alianza kusema wanawake wa siku hizi tunanong'ona. Aliniambia mimi hivyo! Mimi, ambaye nikicheka saluni watu wanageuka kituo cha basi. Tulimwona mzee anakuwa mkorofi, basi. Sauti ya televisheni ilikuwa juu, lakini nyumba gani yenye mzee sauti ya televisheni iko chini?

Ndipo halmashauri ikatangaza kwamba bondeni patasawazishwa pawe maegesho ya malori. Shemeji hakulala. Sijawahi kumwona hivyo, hata msibani. Aliandika, akapiga simu, akavaa shati la kutokea akaenda kukaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka akasikilizwa. Aliyemsikiliza ni Afisa wa mazingira, mwanamke kijana, na nitasema ukweli ingawa ningependa kumchukia: alikuwa mtu wa haki. Alimwambia kwamba ng'ambo ya barabara kuna kiwanja kingine kinachofaa malori. Kama yule ndege bado yupo, yeye ataandika hivyo na mradi utahamia ng'ambo, sheria inamruhusu. Kama hayupo, hana la kusimamia, kichaka kitaondoka. Yeye mwenyewe hamjui ndege huyo wala sauti yake. Kwa hiyo atakuja asubuhi, apewe mtu anayemjua, wasikilize pamoja.

Kundi lilishangilia. Mtu anayemjua si tunaye? Mimi mwenyewe nilituma vidole gumba vingi.

Shemeji hakushangilia. Siku zile za kusubiri alishuka bondeni kila alfajiri na Mwalimu, na kila alfajiri wakapanda kimya. Dada aliniambia alikuwa anarudi, anakaa kitandani na viatu, anatazama sakafu. Sindano hasikiki. Wawili wamesikiliza, wawili wamekubaliana, kama sheria inavyotaka. Mwalimu, kama nilivyosema, ni mkubwa kuliko yeye.

Kinyozi akamfuata mashineni. Najua walichoongea kwa sababu Kinyozi alikuja kunisimulia akiwa amekasirika. Alimwambia shemeji mambo ni rahisi: Afisa hajui kitu, hata akisikia nyenje mwambie ndiye. Nani atakujua? Kichaka kitabaki, na kama ndege hayupo leo, akirudi kesho atakuta kwake. Shemeji alizima mashine ili ajibu vizuri.

"Mimi wananiamini kwa kuwa sijawahi kusema yupo wakati hayupo," alisema. "Nikianza leo, siku akirudi nitawaambia nini?"

Kinyozi alimwita mjinga. Shemeji akawasha mashine.

Asubuhi ya Afisa mimi nilikuwa na kichwa cha bibi harusi mikononi, sikwenda. Walioteremka ni Afisa, shemeji na Mwalimu. Wengine waliambiwa wabaki juu barabarani wasiwatishe ndege. Walikaa kule mpaka jua likawa kali. Walipopanda, Kinyozi na wenzake waliona uso wa shemeji wakajua. Alipita katikati yao, akasema kwamba amemweleza Afisa ukweli, akaenda kufungua mashine kwa kuwa wateja walikuwa wamepanga foleni.

Kwenye kundi walimpongeza. Ndiyo, walimpongeza! Wakaandika kwamba Sikio ni mtu mkweli, kwamba wengine wangedanganya, kwamba hata tukipoteza tumepoteza kwa heshima. Niliyasoma yale nikamwonyesha mteja wangu kwa fahari, shemeji yangu huyo.

Tingatinga lilikuja baada ya mvua kukatika. Matete hayana ubishi, yalilala siku hiyo hiyo. Miiba ilichukua muda kidogo, wakaikusanya rundo, wakaichoma. Kijito wakakiingiza kwenye bomba. Shemeji alisaga nafaka za watu mfululizo bila kugeuza debe, na jioni alioga uani kwa muda mrefu mpaka dada akaenda kumwangalia. Sasa pale bondeni kuna kokoto tupu na malori, na wapiga debe wa mizigo wanaotukana tangu asubuhi.

Basi, tungeishia hapo ingekuwa huzuni ya kawaida. Lakini Afisa, kwa adabu zake, alipofunga faili lake aliona si vizuri kutowashukuru watu wa ndege. Akatuma ujumbe kwenye kundi wa kutushukuru kwa ushirikiano, na pamoja nao ile video aliyoipiga bondeni asubuhi ile, ya kuonyesha kwamba wenyeji wanaojua walishirikishwa. Video fupi. Shemeji amesimama mbele ya matete, kofia mkononi, Mwalimu nyuma yake. Shemeji anaeleza jinsi ndege alivyokuwa akisikika zamani. Halafu anatulia, anainamisha kichwa, anasikiliza. Anasema hayupo. Sauti ya Afisa inauliza, "Na huyu anayelia sasa hivi?" Shemeji anajibu bila kusita, "Huyo tetere, mama. Wapo kila mahali." Mwalimu anatikisa kichwa kukubali. Na kweli tetere anasikika.

Watu waliweka alama za machozi. Kisha Nesi, kutoka huko alikohamia, akaandika: "Jamani, huyo anayelia juu ya tetere ni nani?"

Kinyozi akajibu ni nyenje. Nesi akasema si nyenje, chomekeni waya masikioni msikilize tena, msisikilize tetere. Nilikuwa nimemweka mteja chini ya mashine ya kukaushia. Nikachukua waya zangu, nikaingia chooni kwenye utulivu, nikasikiliza.

Tsii. Tsii-tsii.

Hata mimi niliyeona tai kwenye mfuko wa plastiki nilisikia. Hakuwa mbali wala hakulia mara chache. Alikuwa hapo hapo kwenye matete nyuma ya bega la shemeji, analia kama mwenye nyumba. Afisa alikuwa amemsikia pia, Sindano ndiye aliyekuwa akimwulizia, si tetere.

Nilikaa juu ya sinki la choo mpaka mteja akaanza kuniita.

 Halafu Mwalimu akatoka, ile ya kuandikwa tu kwamba ametoka kwenye kundi, bila kwaheri. Wakafuata wengine. Na wale waliobaki wakaanza maneno, na hapa ndipo damu inaponichemka. Kwa akili zao, Sikio hawezi kukosa kumsikia Sindano. Ndiye aliyemgundua! Kwa hiyo kama alisimama pale ndege analia na akasema hayupo, basi kuna kitu alipewa. Hesabu yao iliishia hapo. Hakuna aliyefikiria njia nyingine, kwa sababu walishampa jina, na jina lile halikuacha nafasi.

Nesi alifikiria. Alinipigia mimi, si dada. Aliniambia kwa ile sauti yao ya wodini kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, kwa wazee, na zaidi kwa watu waliofanya kazi kwenye makelele. Mtu hajui. Anasikia maongezi, anasikia mlango, anadhani dunia ndiyo imepunguza sauti. Nikamwuliza dawa. Akasema kilichokwenda kimekwenda.

Nikaenda kwa dada. Alisikiliza mpaka mwisho, akashika tama, akasema asiambiwe. Nikamwambia mji mzima unamwita mla rushwa. Akasema afadhali hiyo, kwa sababu hiyo atakasirika tu, anajua si kweli; lakini hii nyingine itamwingia. Tuligombana, mimi na dada yangu, kwa sauti ya chini, halafu tukakumbuka kwamba kwake yeye, hata tukiongea kwa sauti, tunanong'ona tu. Hapo dada akalia.

Hatukuwahi kuamua. Siku iliyofuata, mchana, shemeji aliingia nyumbani na unga wake wote, hakupitia uani. Mteja mmoja alikuwa amemtupia maneno mbele ya watu, kwamba wenzetu mnakula na malori.  Akasema ana ushahidi, video ipo, kila mtu anaweza kuona kwamba alisema kweli. Alikuwa ameshamjibu Nesi kwenye kundi, akamtania kwamba wodi imemharibu masikio, hapo kuna tetere peke yake. Hakuelewa kwa nini hakuna aliyecheka. Akaweka simu mezani katikati yetu, akaiwasha, akaongeza sauti mpaka mwisho.

"Haya," alisema, "nyinyi si mna masikio? Sikilizeni, mniambie kama kuna kitu hapo zaidi ya tetere."

Tulisikiliza. Nilitazama kitambaa cha meza. Najua kukaza uso, kazini naukaza kila siku mtu akinionyesha picha ya mtindo usiomfaa. Dada hajui. Ndege alilia na dada akafumba macho, akanyamaza na dada akafumbua, akalia tena na dada akafumba. Shemeji alikuwa hatazami simu. Alikuwa anamtazama mke wake.

Video ikaisha.  Unga ulikuwa umeshuka kutoka mikononi mwake mpaka mezani na hakuna aliyeufuta.

"Yupo," alisema.

 

Akairudisha mwanzo. Safari hii akaisogeza simu mpaka sikioni, sikio la kulia, akahamia la kushoto, akarudi la kulia. Sauti yake mwenyewe ilikuwa inasikika chumba kizima, ikieleza habari za zamani.

"Hapa analia?"

"Analia," dada alisema.

"Na hapa?"

"Na hapo."

Nilisikia kwenye video ile sehemu ya kutulia, ile anayoinamisha kichwa. Na pale mezani akainamisha kichwa vile vile.

"Na hapa," alisema, "ninapomwambia hayupo?"

Dada alimshika mkono wenye unga kwa mikono yake miwili.

"Hapo, baba watoto, ndipo analia sana."

Alitikisa kichwa polepole, kama Mwalimu alivyotikisa. Halafu akaniomba mimi niishike simu, nimwonyeshe jinsi ya kutoka kwenye kundi.